Ulinganisho wa viraka vya kushikiza kihisi cha sukari: kipi kinastahimili jasho na bahari ya Lamu?

Mama wa Mkomani

Assalaam alaykum. Binti yangu mwenye umri wa miaka 11 huvaa kihisi cha FreeStyle Libre 2, kifaa kidogo cha kumpimia sukari mwenye kisukari, nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Kihisi hicho kimeundwa kikae siku 14, lakini kaskazi ikishika hapa Lamu, jasho na maji ya chumvi hukinyanyua pembeni hata wiki haijatimia. Kikishang'oka hakirudishiki, kwa sababu ule uzi mwembamba ulioingia chini ya ngozi kwa kiasi cha milimita 5 ukitoka umetoka. Kila kihisi kinachoanguka mapema ni fedha iliyopotea, tena ni kurudi kumchoma mtoto vidole usiku na mchana hadi kingine kipatikane. Kwa hiyo tangu Ramadhani iliyopita nimekuwa nikijaribu aina mbalimbali za viraka vya kubandika juu yake, na naeleza hapa nilichokiona ili wenzangu wanisahihishe.

Nilianza na plasta ya plastiki nyembamba inayoonyesha ndani, mfano wa ile wauguzi wanayofunikia sindano ya dripu. Maji ya nje hayaingii kabisa, na hilo ndilo lililonivutia. Kasoro yake ni kwamba, ingawa imeundwa ipitishe mvuke wa ngozi, mtoto anayekimbia saa nane mchana hutoa jasho jingi kuliko mvuke unaoweza kupita. Jasho likakusanyika chini yake, ngozi ikawa nyeupe na kukunjamana kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua, na gundi ya kihisi chenyewe ikalowa kutoka ndani. Kihisi kilitoka siku ya sita kikiwa bado kimeng'ang'ania ile plastiki.

Baadaye nikatumia plasta ya zinki inayouzwa kwa roli katika duka lolote la dawa. Ni rahisi na inashika barabara, lakini hainyumbuki. Mkono ukikunjwa na kunyooshwa, plasta hubaki ilivyo na ngozi ndiyo inayovutwa. Siku ya kuitoa mtoto alilia, na nikaapa sitairudia.

Kilichonifaa ni tepu ya misuli, ile ya rangi wanayobandika wachezaji wa mpira magotini. Ni kitambaa cha pamba chenye nyuzi za kunyumbuka, kinapumua, na mtoto akitoka baharini hukauka kwa upepo tu. Nilipoikata duara na kutoboa tundu katikati, kihisi kilifika siku ya 11. Nilijaribu pia viraka vilivyokatwa tayari, nilivyoagiza kutoka Mombasa, na nilipovishika niliona ni kitambaa cha namna ile ile, isipokuwa kingo zake zimekatwa kwa mashine na hazitoki nyuzi. Hivyo vilifika siku ya 13. Swali langu ni kama zile siku mbili zina thamani ya tofauti ya bei, au kuna jambo ninalokosea katika kukata na kubandika.

Muuguzi wa Malindi

Waalaykum salaam, dada yangu. Umeeleza vizuri na hukumu yako kuhusu plasta ya plastiki naikubali kwa mtoto anayecheza juani. Hata hivyo, kabla ya kulinganisha viraka naomba tuitazame ngozi, maana katika watu ninaowahudumia, wengi wanaolalamikia kiraka walikibandika juu ya mafuta.

Gundi za vihisi na za tepu nyingi ni za akriliki, na gundi ya namna hiyo huhitaji kugusa ngozi yenyewe. Mafuta ya nazi aliyopakwa mtoto jana, losheni, na hata ule utando unaoachwa na sabuni zenye mafuta ya kulainisha ngozi, vyote hukaa katikati. Mwoshe kwa sabuni ya kawaida isiyo na mafuta, mkaushe, mpanguse kwa pamba yenye spiriti, kisha subiri hadi spiriti ikauke yenyewe bila kupuliza. Na usibandike mara tu baada ya kuoga mchana, kwa kuwa katika unyevunyevu wa pwani ngozi huanza kutoa jasho kabla hujafungua pakiti. Mimi huwaambia wagonjwa wangu wabandike alfajiri baada ya swala, hewa ingali baridi, au wakae mbele ya feni kwanza.

Katika kukata, usiache pembe hata moja, kwa kuwa pembe ndiyo inayoshikwa na shuka na mikono ya nguo. Mviringo mpana unaozidi kihisi kwa vidole viwili kila upande unatosha. Ukibandika usiivute tepu, kwani ikivutwa itataka kurudi ilivyokuwa na kingo zitanyanyuka zenyewe. Ilaze tu, halafu isugue kwa kiganja kwa dakika moja, kwa sababu gundi yake hushika zaidi ikipata joto. Bahari isubiri angalau saa moja, na ukiweza hadi siku inayofuata. Kiraka nacho kibandikwe siku ile ile ya kwanza, gundi ya kihisi ikiwa bado nzima, badala ya kungoja hadi ianze kuachia.

Lile tundu ulilotoboa katikati lina kazi zaidi ya kupendeza. Libre 2 ina tundu dogo juu yake na mtengenezaji anaonya lisifunikwe. Nimeona watu wakifunika kihisi kizima kwa plasta kisha wakashangaa vipimo vinavyoyumba.

Mvuvi wa Watamu

Nawashukuru nyote wawili. Mimi ni mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya kwanza na huvaa Dexcom G7, ambayo huja na kiraka chake cha ziada ndani ya boksi, kwa hiyo wenye kifaa hicho wasikimbilie kununua kabla ya kukijaribu. Kihisi hicho ni cha siku 10, na huongezewa saa 12 za muhula ili mtu apate nafasi ya kukibadilisha.

Ninalotaka kuongeza linahusu bahari. Wapo wanaodhani kiraka kikishika vizuri basi kihisi kimekuwa cha kuzamia. Kiraka kinazuia kung'oka tu. Maji yanayoruhusiwa kukifikia kihisi yanabaki yale yale aliyoyaeleza mtengenezaji. Libre 2 imepewa mita 1 kwa dakika 30, na G7 mita 2.4 kwa saa 24. Mtoto anayeogelea ufukweni na kupumzika hana shida, lakini anayezamia kutafuta pweza lazima ajue mipaka hiyo.

Kuhusu kazi ya mashua, adui yangu mkubwa ni kamba na jaketi la kuokolea, vinavyosugua mkono kila ninapovuta nyavu. Nilijaribu kufunga bandeji ya kunyumbuka juu ya kiraka, na kwa kweli hakuna kilichong'oka. Ila nilipoifunga kwa nguvu, simu ilianza kulia kwamba sukari imeshuka, nami nilipopima kwa kidole nikaikuta iko sawa. Kihisi hakipimi damu bali umajimaji ulio baina ya chembe za mwili, na sehemu ikigandamizwa umajimaji huo haufiki vizuri, ndiyo maana hata ukiulalia mkono usiku kipimo huweza kushuka bila sababu. Sasa naifunga kwa ulegevu ninapokuwa baharini tu, na nikifika pwani naivua.

Mwalimu wa Malindi

Naomba kuitetea kidogo plasta ya plastiki inayoonyesha ndani. Mimi hukaa ofisini chini ya feni, sitoki jasho jingi, na kitambaa cha tepu ya misuli kilinichosha kwa sababu kila nikioga hubaki na unyevu chini ya mkono wa shati kwa muda mrefu. Plasta ya plastiki hukauka kwa kupanguswa mara moja, haionekani, na kihisi changu hufika siku ya 14 karibu kila mara. Natoboa tundu la katikati kwa mkasi wa kucha kabla ya kubandua karatasi ya nyuma. Nadhani basi tuseme kwamba jibu linategemea mtu anashinda wapi, kwa kuwa mimi na binti wa Mkomani, ingawa tuko pwani moja, ngozi zetu hazipitii siku moja.

Muuguzi wa Malindi

Mwalimu ana haki, na neno langu lilihusu mtoto anayecheza juani tu. Tahadhari yangu ni moja: plastiki ile ikigusana na kihisi chenyewe, siku utakapotaka kuibadilisha itakivuta. Kiraka chochote kikianza kuachia kabla ya muda, usikibandue. Kata kwa mkasi ile sehemu iliyonyanyuka peke yake, halafu ukihitaji bandika kipande kipya kando, bila kukigusa kihisi.

Somo wa Langoni

Mama wa Mkomani, mwanangu, nina swali linalohusu mambo yetu ya nyumbani. Mpwa wangu anaolewa baada ya mfungo na anavaa kihisi kama cha bintiyo. Atapigwa singo siku kadhaa, atapakwa liwa na mafuta, na atafukizwa udi. Je, tukibandike mwanzo au tungoje amalize? Pia kuna walioniuliza kuhusu udhu na josho akiwa na kitu hiki mwilini.

Mama wa Mkomani

Shikamoo mama, na hongereni kwa harusi. Kama tarehe zinaruhusu, kipya kibandikwe siku moja au mbili kabla ya singo kuanza, gundi ishike kwenye ngozi kavu, kisha mpakaji aache nafasi ya kiganja kizima kuzunguka kiraka. Kikibandikwa baada ya mafuta ya siku tatu, hata muioshe ngozi vipi, mashaka yatabaki. Singo lisisuguliwe karibu nacho, kwa kuwa chembe zake hufanya kama mchanga wa ufukweni: huingia chini ya ukingo na haziondoki. Udi sijaona ukidhuru gundi.

Kuhusu udhu, kihisi kikiwa nyuma ya mkono juu ya kiwiko hakiko katika sehemu ya faradhi. Josho ni suala jingine, na hilo tumwachie shehe wenu alitolee neno, huku mkimwonyesha kifaa chenyewe ili ajue ni kitu gani.

Kijana wa Shela

Shikamooni wakubwa. Sijaona aliyetaja gundi ya maji inayokuja katika vipande vya kufutia, kama Skin Tac. Hupakwa kwenye ngozi kabla ya kubandika. Mimi huipaka kwa mzunguko kama pete, nikiacha katikati pasipo na gundi ambapo uzi wa kihisi utaingia, kisha nasubiri hadi kidole kikigusa kinate bila kulowa. Tangu nilipoanza kufanya hivyo, tepu ya misuli niliyoikata mwenyewe inafika mwisho, nami hucheza mpira mchangani jioni zote. Labda hizo siku mbili anazozitafuta mama ziko hapo. Tatizo ni siku ya kutoa, kwa kuwa inashika kupita kiasi.

Muuguzi wa Malindi

Siku ya kutoa ndipo mafuta ya nazi yanapopata kazi yao. Yapake kwenye ukingo wote, ngoja dakika 10, kisha kunja kiraka juu yake chenyewe ukikirudisha nyuma sambamba na ngozi, huku kidole cha mkono wa pili kikiibonyeza ngozi chini. Usikivute kwenda juu.

Kwa wanaoanza gundi mpya yoyote, bandikeni kipande kidogo upande wa ndani wa mkono kwa siku mbili na mtazame. Mwasho unaoisha kiraka kikitoka mara nyingi ni wa jasho. Ila mkiona malengelenge yenye umbo la kihisi, yanayorudi kila mara hata ngozi ikiwa kavu, huo huenda ni mzio, na hautaponywa kwa kubadilisha kiraka cha juu ikiwa kinachowasha ni kihisi chenyewe. Mwaka 2017 madaktari wa ngozi nchini Ubelgiji waliripoti kemikali iitwayo isobonili akrilati ndani ya Libre za wakati ule, iliyokuwa ikiwaletea baadhi ya watu mzio wa namna hiyo. Mtu wa aina hiyo aende kwa daktari badala ya kuendelea kununua plasta.

Mvuvi wa Watamu

Dada muuguzi, ngozi iliyopakwa mafuta ya nazi leo itakishika vipi kihisi kipya kesho?

Muuguzi wa Malindi

Badilisha mkono, kaka. Kipya kibandike upande wa pili kwanza, kisha ndipo utoe cha zamani kwa mafuta. Mkono uliopakwa unapata wiki mbili za kupumzika na kuoshwa.

Mama wa Mkomani

Narudi na habari. Nilikata tepu ya misuli ya mviringo mpana, nikambandika binti yangu alfajiri kwa utaratibu wa dada muuguzi, na nikapaka pete ya gundi aliyoieleza kijana wa Shela. Pia nilikisogeza kihisi nyuma zaidi, kwa sababu niligundua kuwa alikuwa akikikwaruza kwenye kuta za vichochoro anapompisha punda mwenye mzigo. Siku ya tisa ukingo mmoja ulitoa nyuzi, nikaukata kwa mkasi na sikuongeza kitu. Amekwenda baharini mara nne. Jana asubuhi programu ya simu ilitangaza kuwa kihisi kimemaliza siku zake 14, nacho kilikuwa bado kimelala mkononi. Kipya kiko mkono wa kulia, na cha zamani tulikitoa jioni kwa mafuta ya nazi, bila kilio.