Developa apimwe kwa kipimo gani? Bosi wetu katundika ubao wa namba ukutani

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Ofisini kwetu hapa Dar, tangu Januari kuna skrini kubwa ukutani. Kila developa (mwandishi wa programu) ana jina lake na namba tatu: mistari ya msimbo (maelekezo ya programu) aliyoandika, tiketi alizofunga, yaani kazi alizopangiwa akazimaliza, na mara alizopandisha kazi kwenye mfumo. Anayeshika mkia kwa wiki anaulizwa mbele ya watu.

Wiki mbili zilizopita aliyeshika mkia ni jamaa ambaye kwangu mimi alitushinda wote. Tuna mfumo wa SACCOS. Baadhi ya wanachama walikuwa wanaweka pesa kwa simu mara moja, akiba inaongezeka mara mbili. Wenyewe hawalalamiki, si unajua tena. Mhasibu ndiye aliyepiga kelele. Jamaa akakaa siku 3 anasoma kumbukumbu za seva, mpaka akagundua kwamba tukichelewa kujibu, kampuni ya simu inatuma uthibitisho upya, na sisi tunauandika kama muamala mwingine. Dawa: hifadhidata ikatae namba ya muamala iliyokwisha kuingia. Mstari mmoja, tiketi moja. Ubao ukamtangaza mvivu.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1982 pale Apple, mameneja wa mradi wa kompyuta ya Lisa waliwataka wahandisi wajaze fomu kila wiki kueleza wameandika mistari mingapi. Bill Atkinson alikuwa ameandika upya sehemu ya QuickDraw, programu ya kuchora picha kwenye skrini, ikawa na kasi karibu mara 6 na msimbo ukapungua. Kwenye fomu akajaza -2000. Wiki chache baadaye wakaacha kumdai fomu. Leo sisi tunanunua skrini.

Msimamo wangu: ipimwe timu, kipimwe kinachomfikia mtumiaji, mtu asitundikwe ukutani. Nipingeni.

Mchangiaji wa kwanza
Nakupinga, mkuu. Mimi ndiye ninayelipa mishahara. Fundi namkabidhi tofali na saruji, jioni nahesabu kozi. Dereva wa daladala analeta hesabu. Ni nyie tu mnaotaka kulipwa kwa kuaminiwa. Hata McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara, Agosti 2023 walitoa makala kwamba tija ya madevelopa inapimika. Huyo wako wa siku 3, ningejuaje kama anatafuta hitilafu au anaangalia mpira?

Mchangiaji wa pili
Bosi, umejijibu mwenyewe hapo kwenye daladala. Dereva anayepimwa kwa hesabu tu anakatisha ruti, anakimbizana na mwenzake, gari linakufa kabla ya siku zake. Na hesabu imetimia kila jioni! Ofisini kwetu tiketi moja tunaikata vipande vitano. Mwezi uliopita tukawa timu bora, tukapikiwa pilau.

Mchangiaji wa tatu
Niko Nairobi. Hiyo makala ya McKinsey ilijibiwa na Kent Beck na Gergely Orosz, wahandisi wa programu. Hoja yao: kuna juhudi, kuna kinachozalishwa, kuna kinachobadilika kwa mteja, halafu kuna faida. Kadiri unavyopima karibu na juhudi ndivyo kupima kunavyokuwa rahisi, na kudanganya pia. Tom DeMarco, mwandishi wa vitabu vya uhandisi wa programu, aliandika mwaka 1982 kwamba usichoweza kukipima huwezi kukidhibiti. Mwaka 2009 akarudi mwenyewe kuitilia shaka kauli hiyo.

Lakini na wewe mleta mada usitamke kana kwamba madevelopa wanajijua. Mwaka 2025 shirika la utafiti la METR liliwafuatilia madevelopa wazoefu 16 kwenye kazi 246, nyingine wakiruhusiwa kutumia akili mnemba, nyingine la. Walipoitumia walichelewa kwa asilimia 19. Walipoulizwa, walidhani imewaharakisha kwa asilimia 20! Sasa hapo nimwamini nani, ubao au mdomo wa developa?

Mleta mada
Hiyo imenichoma, nakiri. Ndiyo maana sisemi tusipime. Kuna vipimo vinne vya timu vinavyotumika sana: mabadiliko ya programu yanakwenda hewani, yaani yanawafikia watumiaji, mara ngapi, yanachukua muda gani tangu kuandikwa, mangapi yanaharibu kitu, na kikiharibika kinarekebishwa baada ya muda gani. Uzuri wake vinachungana. Ukikimbilia cha kwanza hovyohovyo, cha tatu kinakuumbua. Ila navyo ukivifungia bonasi vitachezewa, tusidanganyane.

Mchangiaji wa kwanza
Haya. Mimi nina madevelopa wawili. Mmoja akizembea, kipimo cha timu kitanionyesha nini? Yeye ndiye nusu ya timu.

Mleta mada
Kwa watu wawili skrini ya nini, bosi? Kaa nao Ijumaa nusu saa. Wakuonyeshe kilichoenda hewani kwenye simu yako, siyo kwenye kompyuta zao. Kilichokwama wakueleze kimekwamia wapi. Yule wa siku 3 angekueleza kwa dakika 5, na ungemwelewa. Asiye na cha kuonyesha wala cha kueleza Ijumaa tatu mfululizo, umeshampata.

Mchangiaji wa kwanza
Na kama wakieleza mimi siambulii kitu?

Mchangiaji wa pili
Mwite na mhasibu kwenye hicho kikao. Huko kwa mleta mada si ndiye aliyeona pesa zimezidi wakati madevelopa wote wametazama skrini?