Panya akiacha kuogelea ndo ana sonona?

Wakuu naomba kueleweshwa. Nasoma jinsi dawa za sonona zinavyojaribiwa kwa panya, nimekutana na jaribio la Porsolt la 1977, panya anatumbukizwa kwenye silinda ya maji hana pa kutokea, unahesabu sekunde anazoelea tu bila kuhangaika. Dawa ikimfanya ahangaike zaidi basi imefaulu. Sasa huyo anayeelea si labda ameshtukia tu kwamba hatoki, anatunza nguvu? Sonona imeingiaje hapo?

Jibu 1
Mi nimehesabu hizo video mpaka macho yakauma. Panya mdogo anakaa majini dakika 6, maji nyuzi 25 hivi, unahesabu 4 za mwisho maana mwanzoni kila mtu anahangaika. Halafu unakuta mmoja anaelea ila anachezesha mguu wa nyuma polepole asizame, haya, kaelea au kaogelea? Ndo maana anayehesabu hatakiwi kujua nani kachomwa dawa na nani maji ya chumvi. Huzuni humo hamna, ni chujio la dawa tu.

Jibu 2
Na chujio lenyewe linavuja. Mpe kafeini uone atakavyohangaika majini, utamwandikia ni dawa ya sonona? Lazima umpitishe pia kwenye boksi la wazi uone kama hajachangamka tu miguu. Kingine, fluoksetini (dawa ya sonona) kwa mtu inachukua wiki kadhaa, kwa panya sindano moja, nusu saa keshabadilika.. mnapima nini hapo?

Jibu 3
Mi ningetumia sukari. Chupa mbili, moja maji matupu moja ya sukari 1%, panya mzima anaganda kwenye sukari, ila aliyesumbuliwa wiki kadhaa (kizimba kinainamishwa, maranda yanalowanishwa, taa zinawashwa usiku) wala haijali. Dawa inairudisha hamu taratibu, kwa wiki, hapo angalau panafanana na mtu. Badilisha chupa upande lakini, wengine wanapenda kushoto tu hata uweke nini.

Muuliza swali
Hiyo ya kushoto imenimaliza 😂 Kwa hiyo imipramini, ile dawa ya zamani ya sonona, ilipita majini pia?

Jibu 1
Baadae. Roland Kuhn kule Uswisi aliiona kwa wagonjwa wenyewe, akaandika 1957. Jaribio la maji limekuja miaka 20 mbele, likakubalika kwa kuwa lilizitambua hizo dawa za zamani, sasa dawa inayofanya kazi kwa njia mpya kabisa linaweza likaipita hivi hivi.