Kamera ya stoo Mwaloni na ya nyumbani Buswelu: DVR ya waya, Wi-Fi au ya laini?

DagaaMwaloni: Wakuu, nina stoo ya dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na familia iko Buswelu. Naona kuna njia tatu: DVR ya waya (mashine inayorekodi picha za kamera), kamera ya Wi-Fi, au ya sola inayotumia laini ya simu. Ninachoogopa zaidi ya bei ni mtu baki kuchungulia kwangu. Ipi salama?

FundiNyegezi: DVR ya waya, usiiunganishe na intaneti kabisa. Picha zinabaki kwenye diski. Ila mwizi akiibeba kabeba na ushahidi, kwa hiyo ifungie kwenye boksi la chuma.

Bi_Pasiansi: Mwenye stoo akiwa Ukerewe kufuata mzigo ataionaje? Chukua Wi-Fi, mdogo wangu. Picha zinapitia seva (kompyuta) za kampuni, huna haja ya kufungua poti kwenye ruta, yaani mlango wa watu wa nje kuingia kupitia intaneti. Weka nywila usiyoitumia kwingine na uthibitisho wa hatua mbili, ule wa kuombwa kodi baada ya nywila.

Igoma_IT: Aina ya kamera si tatizo kubwa kama namna inavyoachwa ikishafungwa. Mtu anaacha jina "admin" na nywila 12345 vya kiwandani, kisha anafungua poti ili bosi aone kwa simu. Hapo hahitajiki mdukuzi hodari: Shodan inazunguka intaneti nzima ikiorodhesha vifaa vinavyoitika. Mwaka 2016 kirusi Mirai kilijaribu nywila za kiwandani zipatazo 60 tu, kikateka kamera na DVR kwa maelfu. Ukizima na kuwasha kinafutika, lakini nywila ikiwa ileile kinaingia tena. Na nywila peke yake haitoshi. Marekani, 2012, kamera karibu 700 za TRENDnet zilionekana mubashara mtandaoni, watoto wamelala vitandani, kwa kasoro ya programu ya kamera yenyewe. Nunua ambayo kampuni yake bado inatoa masasisho.

FundiNyegezi: Ya laini ni kama ya Wi-Fi tu, nayo inategemea seva za kampuni. Na inakula bando.

Bi_Pasiansi: Ndani ya nyumba usiweke hata moja, tafadhali. Dada wa kazi anaonwa mchana na usiku, na yeye ana faragha yake. Stoo nako bandika tangazo, vibarua wajue. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka mtu aelezwe kwa nini taarifa zake zinachukuliwa.

DagaaMwaloni: Asanteni. Stoo nachukua DVR. Buswelu ni getini tu, fundi wangu ameshafunga ya Wi-Fi. Akaunti kafungua kwa barua pepe yake, mimi kaniongeza kama mtazamaji. Inatosha?

Igoma_IT: Haitoshi, kaka. Mwenye akaunti ndiye mwenye kamera: anaweza kukutoa na akaendelea kuona geti lako. Aiondoe kwenye akaunti yake ukiwa umesimama hapo, irudishwe mipangilio ya kiwandani, kisha uisajili upya kwa simu yako. Fanya leo.