Wageni wa Desemba: waelezeni sheria kabla hawajapanda ndege

Wa Lurambi (Minneapolis) aliandika:

Hamjambo nyote. Desemba tunakuja Kakamega, mimi, mume wangu na watu wanne wa kanisa letu la huku. Wawili ni wauguzi na wanataka kusaidia kwa wiki moja katika zahanati ya kijijini kwetu. Kijana mmoja ana droni, na ameshaamua kuirusha juu ya Msitu wa Kakamega na Ziwa Nakuru. Nimekaa huku miaka mingi na sheria za nyumbani zimebadilika. Niwaambie nini? Wenyewe wanasema wakikosea wataomba radhi na mambo yataisha.

Wa Langa Langa (Nakuru) alijibu:

Dada, salamu kutoka Nakuru. Hayo maneno yako ya mwisho yamenitia hofu. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji, hata miaka ishirini hawajafika, walikamatwa katika nyumba ya wageni Naivasha, kaunti yetu hii hii, wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000 ndani ya vijichupa vyenye pamba. Hawakushikwa na pembe za ndovu wala ngozi ya chui. Sisimizi! Ulaya na Asia wako watu wanaowafuga nyumbani jinsi wengine wanavyofuga samaki wa mapambo, na kwa kuwa malkia mmoja huweza kuanzisha kundi zima, bei yake ni kubwa. Vijana walikiri makosa na kusema hawakujua kuwa ni kinyume cha sheria. Mwezi Mei mahakama iliwatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12.

Nawahurumia wazazi wao. Hata hivyo naona hukumu ilikuwa ya haki, maana wadudu hao ni sehemu ya udongo na nyasi zetu, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haimlindi ndovu peke yake. Kwa hiyo waambie wageni wako wasiokote chochote kilicho hai au kilichowahi kuwa hai: mdudu, unyoya wa heroe kando ya ziwa, gamba la kobe, mfupa, gome la mti msituni. Hata kama mtoto wa kijijini ndiye aliyewauzia kwa shilingi hamsini.

Droni aiache Minneapolis. Kuiingiza nchini kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kuirusha mbugani kunahitaji idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Bila karatasi hizo itabaki forodhani uwanja wa ndege, naye ataanza likizo kwa kugombana na maafisa. Wala asipige picha za kambi ya jeshi. Lanet iko kando ya barabara kuu, na wageni husahau.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu iliyotangazwa ni faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au jela hadi miaka 4. Mfuko wa duka la uwanja wa ndege wasiingie nao. Tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja na kutupa haziruhusiwi ndani ya mbuga na misitu iliyohifadhiwa, kwa hiyo kila mmoja aje na chupa yake ya chuma. Sigara wavute mahali palipotengwa tu.

Sasa wauguzi, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndipo watu wetu wengi wanapoteleza. Mtu aliyeingia kama mtalii haruhusiwi kufanya kazi, hata ile isiyo na mshahara, hata ya kanisa. Wanahitaji kibali maalum cha Idara ya Uhamiaji, na kabla ya kumgusa mgonjwa wanahitaji leseni ya muda ya Baraza la Wauguzi. Madaktari nao wana baraza lao. Kila mwaka nasikia kambi za matibabu zikitangazwa Vihiga na Kakamega, wageni wanashuka na masanduku ya dawa, na mwenyeji hajaulizia karatasi hata moja. Mgonjwa akidhurika, ni nani atakayeulizwa? Wewe, dada, kwa sababu wewe ndiye uliyewaalika na jina lako ndilo linalojulikana kijijini. Andikieni zahanati na ofisi ya afya ya kaunti sasa hivi, msingoje Novemba. Kama vibali havitatoka kwa wakati, basi waje watembee tu, wasalimie watu, wale ugali na kuku, warudi.

Wa Kondele (Doha) alijibu:

Asante kaka. Naongeza la upande wa pili, maana wazazi wetu pia hugeuka watalii wanapotutembelea. Mama yangu alipokuja kutoka Kisumu nilimwomba anionyeshe kwenye simu kila dawa aliyofunga, moja moja. Dawa za maumivu zenye kodini au tramadoli ambazo amezoea kuzitumia nyumbani huku Ghuba zinaweza kumfikisha kituo cha polisi. Dawa ya lazima isafiri katika pakiti yake, pamoja na barua ya daktari, baada ya kuuliza ubalozi wa nchi anayokwenda. Sigara za kielektroniki Qatar ni marufuku, Singapore pia.

Kwa walio Uingereza: miraa ni haramu huko tangu tarehe 24 Juni 2014. Mjomba asije na kitita cha kumfurahisha shemeji. Na tafadhali, mzazi asibebe kifurushi cha jirani ambacho hakukifunga kwa mikono yake. Najua kukataa ni aibu kwetu, hasa jirani akija kuaga usiku na mzigo wake tayari. Kataeni hivyo hivyo.

Wa Lurambi (Minneapolis) aliandika:

Nimewasomea wote mezani na droni imesharudi kabatini. Barua ya zahanati naiandika leo. Swali moja: ikitokea mtu ameshikwa, tufanye nini?

Wa Milimani (Kisumu) alijibu:

Dada, Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinamlinda yeyote aliyekamatwa, raia au mgeni. Aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, anaweza kunyamaza, awe na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia wikendi au sikukuu. Mgeni pia aombe ubalozi wake ujulishwe. Haki hiyo imo katika Mkataba wa Vienna wa 1963. Ubalozi utamtembelea na kumpa orodha ya mawakili, lakini hautamtoa ndani. Msitoe hongo hata mkishauriwa na nani, kwani hilo ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Nambari ya ubalozi na ya wakili wa Kakamega au Kisumu ziandikwe kwenye karatasi, kila mgeni awe na yake mfukoni, kwa sababu simu ndiyo huchukuliwa kwanza.