Gari la Mwalimu halishtuki

*Kikundi: Majirani Korti ya 12, Buruburu*

ALHAMISI

Mwalimu (Namba 9), 04:41
Majirani, samahani kwa saa hizi. Kuna aliye macho mwenye gari? Mama Rehema amebanwa na pumu na gari langu halishtuki. Linafanya tk tk tk tk, basi.

Mama Neema (Namba 4), 04:43
Naja Mwalimu. Mvalishe kitu kizito, nje kuna baridi. Dakika mbili niko mlangoni kwenu.

Mama Neema, 04:44
Askari afungue geti kabisa, asingoje honi.

Shosho (Namba 1), 05:20
Nimeona simu sasa hivi. Wamefika?

Mama Neema, 05:31
Tumefika Shosho. Amewekewa mashine ya mvuke, kifua kimeanza kufunguka. Mwalimu yuko naye ndani. Barabara ilikuwa tupu, Mungu ni mwema.

Mwalimu, 09:10
Tumerudi nyumbani. Amelala. Mama Neema, sina la kukulipa.
Niwaambie ukweli, nimekaa hapa chai inapoa. Gari lile Rehema alituletea kwa sababu ya mama yake tu. Mimi ni mstaafu, kazini siendi, sokoni tunatembea. Lipo kwa ajili ya usiku kama wa leo, na usiku wa leo limekataa.

Baba Juma (Namba 7), 09:14
Pole sana Mwalimu. Mpe Mama Rehema salamu zetu. Mimi nasema weka betri kubwa zaidi, umalize hii shida.

Mwalimu, 09:17
Betri ni mpya Baba Juma. Niliinunua Mei, elfu nane. Ikafa tena nikairudisha dukani, wakaipima wakasema haina kasoro, imemalizwa moto tu, yaani umeme wake. Wakanirudishia.

Otis (Namba 3), 09:20
Na wiki jana mimi ndiye nililiamsha na jampa za mzee, zile nyaya za kuazima moto wa gari lingine. Likawaka mara moja.

Baba Tito (Namba 11), 09:48
Mwalimu, pole. Nilikuwa kwa matatu, sasa nimefika kazini. Nijibu moja moja:
Mara ya mwisho kuliendesha ni lini? Na katikati ulilifanya nini?

Mwalimu, 09:53
Jumapili, kanisani na kurudi, dakika kumi kila upande. Jumanne asubuhi nikaliwasha hapa kwa parking dakika tano, kama kawaida yangu, ili betri ipate moto. Liliwaka kwa uvivu. Jana sikuligusa.

Baba Tito, 10:02
Hizo dakika tano, Mwalimu, uziache. Najua unafanya kwa nia njema na wazee wengi hapa mtaani wanafanya hivyo. Lakini injini ikinguruma pale pale, altaneta, ile mashine inayochaji betri, inazunguka polepole, haitoi nguvu yake yote. Ukiwa umewasha taa, feni na waya za kioo cha nyuma, kinachobaki cha betri ni kidogo sana. Na betri ya risasi na asidi haimezi moto kwa haraka hata ukiipa mwingi, inataka muda. Juu ya hayo injini haipati joto, maji ya mvuke yanabaki kwenye oili na kwenye ekzosi, yanaanza kula chuma.

Baba Tito, 10:04
Ila hilo siyo linalomuua. Betri mpya haifi kutoka Jumapili hadi Alhamisi. Kuna kitu kinakunywa humo usiku na mchana.

Mama Neema, 10:06
Si hizo alamu na traka?

Baba Tito, 10:11
Hizo zinakunywa, lakini kwa kijiko. Gari lililozimwa likalala kabisa linatakiwa kula kama ampea 0.05 au chini: alamu, kumbukumbu ya redio, kompyuta. Kwa siku hiyo ni ampea-saa 1.2. Betri ya Mwalimu inabeba ampea-saa 45, kwa hiyo ingechukua mwezi hivi kabla ya kukataa. Mwezi, siyo siku nne.
Na baridi hii ya Julai inaongezea. Betri ikipoa nguvu inapungua, na injini nayo inakuwa nzito kuzungusha. Ndiyo maana magari hukataa alfajiri.

Mama Neema, 10:13
Basi atoe ule waya wa betri kila jioni. Ndugu yangu Kitengela anafanya hivyo.

Baba Tito, 10:19
Mama Neema, wazo si baya kwa gari linalokaa. Baba Juma, ukienda ushago Desemba fanya hivyo: spana namba 10, unaanza na upande wa kutoa (−), na ukirudi huo ndio unarudisha mwisho. Ukianza na upande wa kujumlisha, spana ikigusa bodi utaona cheche za kuogofya. Uwe na ufunguo wa chuma, maana kitufe cha mbali hakitafungua mlango. Na mwenye traka awaambie kampuni yake kwanza, la sivyo watadhani gari limeibwa.
Lakini kwa Mwalimu sikubali. Mgonjwa anahema, wewe uko nje saa kumi usiku unatafuta spana na tochi? Hapana. Hili gari lazima likae tayari.

Shosho, 10:22
Umesema kweli mwanangu.

Baba Tito, 10:24
Jumamosi nakuja na mita ya kupima umeme. Leo jioni naitoa betri naiweka kwa chaja yangu usiku kucha, polepole, ampea 4. Betri ikikaa tupu, ile chumvi yake, salfeti, inaganda kwenye sahani zake kama mawe, na haiyeyuki tena. Kila siku inayolala tupu unapoteza sehemu yake.

Baba Tito, 10:26
Mwalimu, mpaka nimalize, gari langu ni lako. Funguo nitampa askari kila usiku.

Mwalimu, 10:31
Baba Tito. Asante sana.

Baba Tito, 10:33
Otis, siku ile ya jampa, waya mweusi wa mwisho uliubana wapi?

Otis, 10:34
Kwa betri ya Mwalimu, pale kwa kutoa. Kulikuwa na kacheche.

Baba Tito, 10:39
Usirudie ndugu yangu. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche juu yake inaweza kuipasua, asidi ikakurukia machoni. Mwekundu kwa iliyokufa, mwekundu kwa nzima, mweusi kwa nzima, halafu mweusi wa mwisho unaubana kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Ukitoa, anza na huo wa mwisho.

Otis, 10:40
Sawa mkubwa. Sikujua kabisa.

JUMAMOSI

Otis, 10:05
Tuko kwa parking. Baba Tito amerudisha betri, imejaa, volti 12.7. Sasa ameondoa waya wa kutoa na kupachika mita katikati, moto wote unapita kwa mita.

Mama Neema, 10:07
Inasoma ngapi?

Otis, 10:09
Amesema tusiiangalie bado. Mlango wa dereva uko wazi lakini amesukuma ndoana ya kufuli na bisibisi, gari lidhani limefungwa. Tungoje nusu saa kompyuta zilale. Na mtu asiguse ufunguo, stata, ile mota ya kuwashia injini, ikivuta kupitia mita, mita itaungua.

Shosho, 10:15
Nawaletea uji.

Otis, 10:41
0.46!

Baba Juma, 10:42
Hiyo ni nyingi?

Baba Tito, 10:44
Mara tisa ya inayotakiwa. Kwa siku ni ampea-saa 11. Siku tatu na nusu, betri iko chini. Hesabu imekubaliana na Alhamisi ya Mwalimu kabisa.

Otis, 10:52
Sasa ananiambia nitoe fyuzi moja moja, yeye macho kwa mita. Redio: 0.45. Naipachika tena. Honi: hakuna kitu. Alamu: 0.44. Bado siyo yenyewe.

Otis, 10:58
Kuna moja imeandikwa DOME. Nimeichomoa ikashuka mpaka 0.04!!! Baba Tito amepiga makofi.

Mama Neema, 10:59
Hiyo ni ya nini?

Baba Tito, 11:03
Taa ndogo za ndani. Ya juu nimeiangalia, imezimika. Za milango zimezimika. Mwalimu, buti lako lina taa?

Mwalimu, 11:04
Ninavyojua ukilifungua inawaka, ukilifunga inazima.

Baba Tito, 11:05
Ukilifunga huioni. Otis, leta simu yako.

Otis, 11:12
Jamani. Tumerudisha fyuzi, nimeiweka simu ndani ya buti ikirekodi, tukafunga. Video naileta. INAWAKA. Buti limefungwa na taa inawaka kama mchana, unaona mpaka jeki na lile koti la mvua la Mwalimu.

Mwalimu, 11:14
Miezi yote hii?

Baba Tito, 11:20
Ni taa ya wati 5 tu. Kwa volti 12 inakula ampea 0.42. Ukijumlisha na 0.04 ya kawaida unapata ile 0.46 yetu. Kuna kitufe kidogo pembeni, mlango wa buti ukishuka unakibonyeza, taa inazima. Hiki kimebonyea kikakwama nusu, hakifiki mwisho. Nimekitoa, ndani kumejaa mchanga. Mchanga kabisa, Mwalimu, wa ujenzi.

Mwalimu, 11:23
Aprili nilibeba magunia mawili. Moja lilipasuka.

Shosho, 11:26
Ule mchanga wa mtaro wetu pale getini. Uliubeba wewe Mwalimu, mvua ilipokuwa inaingia kwangu.

Mama Neema, 11:27
Kweli. Nakumbuka.

Baba Juma, 11:30
Mwalimu, hicho kitufe kama kinanunuliwa ni juu yangu.

Baba Tito, 11:38
Hakuna kununua. Nimekiosha, nimekipuliza, kinaruka vizuri. Tumeweka simu mara ya pili: giza tupu. Mita inasoma 0.04.

Baba Tito, 11:49
Sasa Mwalimu nisikilize. Hiyo betri imeisha moto mara tatu, haitarudi kuwa mpya. Kuna umri imepoteza na siwezi kukuficha. Tuiangalie hivi: Alhamisi asubuhi, kabla ya kuwasha, pima. Nakuachia mita yangu ndogo. 12.6 imejaa. 12.4 imebaki robo tatu. Ikifika 12.2 nipigie, ni nusu, na nusu haifai kulala nayo.
Na kila wiki gari litoke, dakika 40 au zaidi bila kusimama simama. Foleni ya Jogoo Road haihesabiki. Shika Outer Ring, ingia Thika Road, nenda mpaka Ruiru urudi. Hapo altaneta inafanya kazi yake, injini inapata joto, hata matairi na breki zinashukuru.

Mwalimu, 11:55
Na wiki ambayo Mama Rehema hajiskii vizuri, hatuwezi kutoka?

Baba Tito, 11:58
Wiki hiyo nitakuja na chaja. Ile inayojizima yenyewe betri ikijaa. Tutavuta waya kutoka dirisha lako la jikoni, unafika.

Otis, 12:00
Au nikiwa free namwendeshea. Leseni ninayo.

Shosho, 12:03
Rudini basi mnywe uji, umepoa.

ALHAMISI

Mwalimu, 06:15
Habari za asubuhi majirani. Gari halijaguswa tangu Jumamosi jioni. Nimetoka na mita, mkono ulitetemeka kidogo, nikashika mwekundu kwa kujumlisha na mweusi kwa kutoa kama nilivyoonyeshwa. 12.52.

Baba Tito, 06:18
Siku tano bila kuguswa? Hiyo inashika. Washa.

Mwalimu, 06:20
Limewaka nusu mzunguko.

Mama Rehema (Namba 9), 06:26
Nimelisikia kutoka kitandani. Jumamosi tunaenda Ruiru wote wawili. Mama Neema, kiti cha nyuma ni chako na Shosho.