Chaja ya betri ya gari la Mama Salma

Mama Salma: Hamjambo nyote. Gari langu limekaa chini ya turubai kwa wiki sita, na sitaliendesha kwa miezi mitatu ijayo. Nimenunua chaja ndogo ya kutunza betri, nikaichomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara kwa sababu sikutaka kufungua boneti, lakini tangu asubuhi inawaka taa nyekundu tu. Je, betri imekufa?

Baba Idi: Huenda haijafa, dada. Katika magari mengi tundu hilo hukatika umeme mara unapozima swichi, kwa hiyo chaja yako inatafuta betri isiyoiona. Idi yuko karibu nawe. Aje na kipima volti, apime kabla ya kuunganisha chochote.

Idi: Shikamoo, Shangazi. Nipo kwenye gari sasa hivi. Kipimo kinasoma volti 12.1, na upande wa hasi umeota unga mweupe.

Baba Idi: Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo ikiwa imetulia, kwa hiyo hiyo imeshuka chini ya nusu. Kengele ya wizi na kompyuta za gari hunyonya umeme hata likiwa limezimwa: zikinyonya miliampea 50 tu, betri ya ampea-saa 60 hubaki nusu kwa siku 25 hivi. Futa huo unga kwa kitambaa kibichi, ukiwa umevaa glavu. Kisha, chaja ikiwa bado haijachomekwa ukutani, bana klipu nyekundu kwenye chanya, na nyeusi kwenye chuma kitupu cha bodi, mbali na betri. Plagi ya ukutani iwe ya mwisho.

Mama Salma: Kwa nini nyeusi isibanwe kwenye hasi palepale? Picha ya kwenye boksi inaonyesha betri tu.

Baba Idi: Betri inayochajiwa inaweza kutoa haidrojeni, ambayo huwaka upesi sana. Cheche ikitokea, afadhali itokee huko mbali.

Salma: Mjomba, naomba niongeze jambo. Gari la Mama lina kidude cheusi kilichoshikana na kichwa cha hasi. Hicho ni kihisi kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Klipu ikibanwa juu ya kichwa chenyewe, umeme huingia bila kuhesabiwa, na gari huendelea kuamini kwamba betri ni dhaifu. Ukipitia kwenye bodi, unahesabiwa.

Baba Idi: Hilo sikulifikiria, mwanangu. Magari yangu yote yalikuwa ya zamani mno kuwa na kidude hicho.

Mama Salma: Na ile chaja kubwa iliyoko stoo, haiwezi kumaliza kazi haraka zaidi?

Baba Idi: Usithubutu kuiacha peke yake. Mimi niliiacha siku nne, nikakuta stoo nzima inanuka mayai yaliyooza na maji ya betri yamepungua hadi sahani za ndani zinaonekana. Ile haijui kuacha. Hii ndogo, betri ikijaa, hushuka yenyewe hadi volti 13 na ushei na kubaki hapo.

Salma: Idi, angalia ubavuni kama betri imeandikwa AGM, yaani aina ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo, kwa sababu chaja ina kitufe cha kuchagua aina.

Idi: Imeandikwa AGM, nami nimebonyeza hadi taa yake ikawaka. Klipu nyeusi nimeibana kwenye boliti iliyo karibu na bawaba ya boneti. Nimeupitisha waya kwenye kona ambayo boneti haiubani, na sasa taa ya kuchaji ni ya manjano.

Baba Idi: Vizuri. Chaja hiyo ni ya ampea 1, kwa hiyo msishangae ikichukua siku mbili.

*Siku mbili baadaye*

Idi: Shangazi, taa imegeuka kijani. Nilichomoa ukutani kwanza, kisha nikatoa nyeusi na nyekundu, nikasubiri hadi jioni ndipo nikapima: volti 12.7. Nimeirudisha kama ilivyokuwa, na turubai nimelifunika bila kuigusa chaja, maana inapata joto kidogo.

Mama Salma: Ahsante, mwanangu. Mwezi ujao uje uchungulie tena.