Baridi yangu ya kwanza Minnesota: nifanyeje chumvi ya barabarani isile rangi na bodi ya gari?

Mama Neema

Habari za humu wakuu. Nipo Brooklyn Park, Minnesota, nilihamia kutokea Mwanza mwezi wa tano, kwa hiyo theluji bado naiona kwenye simu tu. Nimenunua Toyota Corolla ya 2014, rangi ya fedha. Imetembea sana lakini bodi bado nzuri, sijaona iliponyooshwa wala kupigwa puti. Gari hili ndiyo miguu yangu: nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, na saa nitokazo hakuna basi.

Kinachonitia wasiwasi ni magari ya wenyeji. Naona gari la miaka ya karibuni kabisa, juu linang'aa, ukishuka chini ya milango bati limeliwa hadi unaona ndani. Nikiuliza naambiwa ni chumvi ya barabarani.

Sasa ushauri unagongana. Jirani anasema baridi ikiingia usioshe gari mpaka Aprili, maji yatagandia milangoni. Mfanyakazi mwenzangu anasema ni kuosha kila wiki. Aliyeniuzia gari anataka nilipe pesa ndefu anipakie dawa nyeusi ya mpira chini ya gari. Na hapa ninapopanga kuna gereji ya chini yenye joto, unalipia kila mwezi. Kwa sasa naegesha nje uani. Mwenye uzoefu anisaidie, sasa ni Oktoba na wanasema muda ni mchache.

Fundi Rangi

Karibu Minnesota dada. Nanyoosha bodi na kupiga rangi hapa St. Paul, ufundi nilianzia Gerezani pale Dar, kwa hiyo kutu ya bahari na kutu ya huku zote nazishika kila kukicha. Umeuliza wakati mzuri. Wengi huja kwangu Aprili, bati likiwa limeshatoboka.

Rangi peke yake inavumilia baridi vizuri tu. Anayekula gari ni maji ya chumvi yakipata bati lisilofunikwa. Chumvi wanayomwaga zaidi ni sodiamu kloraidi, hiyo hiyo ya mezani ila haijasafishwa. Barabara ikipoa kupita nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, inakuwa dhaifu, ndipo wanaongeza kloraidi ya magnesiamu au ya kalsiamu. Hizo mbili ni mbaya zaidi kwa bati kwa sababu zinanyonya unyevu hewani. Siku barabara imekauka na wewe unajisikia salama, huko chini ya gari tope lililonasa bado ni bichi.

Jambo la pili ambalo watu hawalijui: kutu inapenda joto. Gari likilala nje kwenye baridi kali, kutu inakwenda polepole sana. Gari hilo hilo ukiliingiza kwenye gereji ya joto likiwa limejaa tope la chumvi, barafu inayeyuka, inapenya kwenye maungio, na kazi inaendelea usiku kucha. Kwa hiyo gereji ya kulipia ichukue kama una mpango wa kweli wa kuosha mara kwa mara. Kama huna, acha gari uani na pesa hiyo ioshee gari. Mimi ningekuwa wewe ningebaki nje.

Jirani yako ana hoja ya kuganda kwa milango, lakini dawa yake ni mbaya. Osha. Chagua mchana ambao kipimo cha gari kinasoma 40 za Farenhaiti au zaidi, yaani kama nyuzi 4 na ushee zetu. Januari utangoja sana siku hiyo, basi ikifika hata 30 za Farenhaiti nenda kwenye mashine ya ndani isiyo na brashi. Zile brashi zinazozunguka zikimbie: zimebeba mchanga wa magari yaliyotangulia na zitakuachia mikwaruzo ya mviringo kwenye klia, ile rangi angavu ya juu kabisa. Hakikisha kifurushi unacholipia kinaosha chini ya gari, maana hicho ndicho ulichokifuata. Ukienda kwenye vibanda vya kujioshea mwenyewe, anza chini: ingiza mpira wa presha ndani ya kila digadi, elekeza maji juu, halafu mbele, halafu nyuma ya tairi. Utaona maji yanatoka kahawia. Usiache mpaka yatoke meupe. Ndipo uende juu kwenye bodi.

Ukimaliza, fungua milango yote minne na buti, futa kingo na raba kwa taulo kavu, futa na kifuniko cha mafuta. Kanyaga breki mara kadhaa ukiwa njiani ili zikauke, na usiku huo usivute handibreki kama umeegesha pa tambarare, kebo ikiwa na maji inaweza kuganda. Raba za milango zipake silikoni sasa hivi kabla ya baridi. Usipake grisi ya gari wala mafuta ya injini, raba itavimba na kulegea.

Sasa kazi ya mwezi huu. Gari lako lioshwe na shampuu ya gari. Sabuni ya vyombo inaondoa nta. Likikauka pitisha kiganja kwenye boneti. Ukihisi vipunje-punje, hivyo ni vumbi la chuma na uchafu ulionasa kwenye klia. Kuna udongo laini maalumu unaoutelezesha juu ya bodi kwa maji ya kulainisha, unavitoa bila kukwangua. Kisha kagua matundu ya mawe: ukingo wa mbele wa boneti, juu ya kioo cha mbele, na sehemu ya mlango iliyo nyuma ya tairi la mbele. Kila kitone kilichofika kwenye bati ni mlango wa kutu. Funga hicho kabla ya kupaka nta, maana rangi haishiki juu ya nta.

Namba ya rangi yako imo kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, tafuta palipoandikwa C/TR. Ya fedha mara nyingi ni 1F7. Nunua kalamu ya rangi yenye namba hiyo na ya klia. Safisha tundu kwa spiriti, liache likauke, kisha dondosha rangi kidogo kwa ncha ya kijiti cha meno. Usijaze mara moja. Dondosha, ngoja ikauke, dondosha tena, rangi ikikaribia kulingana na bodi malizia na klia. Ifanye siku yenye nyuzi 10 zetu kwenda juu. Haitakuwa kama mpya, ukisogea karibu utaiona, lakini maji hayatapita.

Mwisho paka kinga. Nta ya karnauba inapendeza ila haikufikishi Machi. Chukua siilanti ya sintetiki, yaani kinga ya rangi ya kutengenezwa kiwandani, paka sasa, irudie katikati ya msimu ukipata siku ya joto. Utajua imekwisha pale maji yanapotandaa juu ya boneti badala ya kujikusanya matone.

Hiyo dawa nyeusi ya mpira, kataa. Kwenye gari jipya kabisa lenye bati safi ingeweza kusaidia. Kwenye gari la umri huo, chini kuna chembe za kutu tayari. Mpira ukipakwa juu yake unafungia unyevu ndani, na baadaye ukipasuka kidogo tu maji yanaingia na hayatoki. Nimebandua mipira hiyo na bati likatoka nayo. Kinachofaa ni mafuta ya lanolini, yanayotokana na sufu ya kondoo, au mafuta mengine mepesi ya kuzuia kutu. Hayakauki, yanatambaa yenyewe kwenye maungio. Yanapigwa kila mwaka kabla ya theluji. Anayekupigia mwambie asiguse diski za breki wala ekzosi, na azibue matundu madogo ya kutolea maji yaliyo chini kabisa ya milango na kwenye vizingiti, lile bati refu lililo chini ya milango. Matundu hayo yakiziba na majani, mlango unakaa na maji tumboni.

Bint Tanga

Fundi kamaliza upande wa ufundi. Mimi niongeze ya kina sisi tunaoegesha barabarani, nipo Minneapolis kusini.

Dada, theluji ikianguka usiitoe kwenye gari kwa ufagio wa ndani wala wa chelewa. Nyuzi zake zinasugua barafu na mchanga juu ya rangi. Kuna kifagio cha sponji, unakisukuma, hukikokoti, na unabakisha safu nyembamba ya mwisho ianguke yenyewe ukianza kuendesha. Kikwangulio cha barafu ni cha vioo tu, kwenye bodi hata usikikaribishe. Na maji ya moto usimwage kamwe, kioo kinaweza kupasuka hapo hapo.

Mji ukitangaza dharura ya theluji, inakwenda siku tatu, na kila siku ina kanuni yake ya upande gani uegeshe. Zifuate, kwa sababu ukikosea gari linavutwa, na hata lisipovutwa greda linakurundikia ukuta wa theluji, barafu na chumvi ubavuni. Wakati wa kulifukua ndipo watu wanachana milango kwa koleo la chuma. Tumia koleo la plastiki, na karibu na bodi malizia kwa mkono wenye glovu.

Halafu ndani. Unapanda na viatu vyenye theluji ya chumvi, inayeyuka, inashuka chini ya zulia, sakafu inaoza kutokea ndani na huoni. Nunua mazulia ya mpira yenye kingo ndefu, yamwage kila ufikapo nyumbani. Kabla ya kuingiza miguu kaa upande, gonganisha viatu.

Mzee wa Ontario

Nakubaliana na fundi kuhusu mafuta. Huku Kanada ni desturi, vuli ikifika watu wanapanga foleni kupuliziwa. Yatadondoka siku mbili tatu, tandika kadibodi ili usichafue sakafu ya watu.

Msidhani hili ni la magari ya bei rahisi. Mwaka 2016 Toyota Marekani ilikubali kumaliza kesi ya chasi zinazooza za Tacoma, Tundra na Sequoia za miaka fulani, makadirio yakafika hadi dola bilioni 3.4. Ford nao walianza kutumia bodi ya alumini kwenye F-150 ya 2015, lakini chasi yake ni chuma bado. Kwa hiyo, mama, ukiinua gari kubadili mafuta, mwombe fundi aangalie na bomba za breki. Minnesota haina ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, hakuna atakayekuambia kama zimeliwa.

Mama Neema

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimekwenda kukagua kama alivyosema fundi. Matundu ya mawe nimeyaona kwenye boneti, madogo. Lakini digadi ya nyuma kushoto, kwenye ukingo, rangi imevimba kipele kama punje ya mahindi. Hiyo nayo napaka kalamu? Pia nimeona video mtu anasema oshea magadi soda, eti yanaua chumvi.

Kitwana Dar

Naomba kuuliza kidogo, nisichepushe mada. Sisi tunaoagiza kutoka Japani, tunajuaje gari limetembea kwenye chumvi? Nimeambiwa ya Hokkaido, kule kaskazini mwa Japani, yana shida hiyo.

Fundi Rangi

Kitwana, ni kweli, Hokkaido theluji ni nyingi na barabara zinatiwa chumvi. Omba karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari linapouzwa Japani, tazama mchoro wa gari. Herufi S ni kutu, C ni bati lililoanza kuliwa. Mchoro huo hasa ni wa bodi ya nje, kwa hiyo dai na picha za chini: springi, vichwa vya boliti, chasi. Kutu ya juu juu kwenye ekzosi ni ya kawaida. Kutu yenye magamba kwenye chasi, achana na gari hilo.

Dada, magadi yaache jikoni. Magadi yanatuliza asidi, na chumvi hii si asidi. Inayeyuka kwa maji matupu, mengi, basi.

Hicho kipele ndicho cha kushughulikia kwanza, kabla ya nta na kabla ya kila kitu. Rangi ikivimba maana yake kutu imetokea nyuma na inaisukuma. Ukipaka juu, umeificha tu. Ingiza vidole nyuma ya ukingo wa digadi, kati ya bati na plastiki ya ndani. Bila shaka utakuta tope gumu limeshindiliwa humo; litoe lote, osha, kausha. Kisha bonyeza kipele kwa kidole gumba. Kama bati ni gumu, bado linaokolewa: piga msasa hadi uone chuma cheupe na rangi nzima inayozunguka, paka dawa ya kugeuza kutu pale palipobaki vidoa, kisha praima ya epoksi, ile rangi ya kwanza ya kushika bati, halafu rangi, klia, na mafuta ya lanolini kwa nyuma. Kama linabonyea au kidole kinazama, hiyo haitaki msasa, ni kukata na kuchomelea kipande kipya, na usikubali mtu akujazie puti kwenye tundu. Bonyeza leo, kisha nitumie picha mbili, ya nje na ya nyuma ya ukingo, nikuambie ni ipi.